Chanjo Ipo, Msichana Yupo, Tarehe Haipo

Nesi wa Kenya humjua mtoto vizuri mpaka anapotimiza mwaka mmoja na nusu. Hadi hapo mama ana kijitabu cha kliniki, ana tarehe zilizoandikwa kwa kalamu, na akikosa kufika atakaripiwa siku atakayofika. Ikishapita chanjo ya pili ya surua, ile ya miezi 18, kijitabu kinaingia sandukuni pamoja na cheti cha kuzaliwa na kliniki inamsahau mtoto. Akiwa msichana, mara nyingi nesi atamwona tena akija na mimba. Katikati hapo labda atashikwa na malaria akienda likizo kwa nyanya yake Kisumu, au ataanguka mtini avunjike mkono. Msichana wa miaka kumi mwenye afya njema hana haja na hospitali, nayo hospitali haina habari naye.

Ni msichana huyo hasa ambaye serikali iliamua kumchanja.

Tarehe 18 Oktoba 2019 Rais Uhuru Kenyatta alizindua mjini Mombasa chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 10 kote nchini. HPV ni jamii ya virusi vinavyoambukizwa kwa kujamiiana, na karibu kila saratani ya mlango wa kizazi huanzia hapo. Aina mbili tu za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, huleta takriban asilimia 70 ya saratani hiyo. Miaka 10 ilichaguliwa kwa kuwa chanjo hii hukinga, haitibu, kwa hiyo lazima imfikie msichana kabla virusi havijamfikia. Walengwa walikuwa takriban 800,000 kwa mwaka, kila mmoja dozi mbili, ya pili baada ya miezi sita. Sababu ya kuanzisha chanjo hiyo si ya kubahatisha: makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha wagonjwa wapya 5,236 wa saratani hii nchini Kenya, na vifo 3,211. Ni karibu wanawake tisa wanaokufa kila siku ya Mungu.

Tangu siku hiyo ya Mombasa tumesikia maelezo mengi kuhusu kwa nini wasichana hawakujitokeza kama ilivyotarajiwa, na kwa nini dozi ya pili iliachwa nyuma sana na ya kwanza. Lawama imemwangukia mzazi asiyesoma, mchungaji mkaidi, na uvumi wa WhatsApp. Wapo hao, na nitawafikia. Lakini mimi nashikilia kwamba hapa kwetu kaunti ya Nakuru, kuanzia Naivasha hadi Molo na kupanda mpaka Kuresoi, kilichotuangusha ni uratibu: nani aende wapi, siku gani, akiwa na daftari la nani. Mzazi aliyekataa ni mmoja. Wazazi ambao hakuna aliyewahi kuwaambia lolote wako kumi nyuma yake.

Ushahidi wa hili haukutoka Ulaya. Ulitoka Eldoret, mwendo wa asubuhi moja kwa matatu kutoka Nakuru. Kati ya Mei 2012 na Machi 2013, miaka mingi kabla ya uzinduzi wa Mombasa, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ilitoa chanjo hii kwa wasichana wa miaka 9 hadi 13. Enzi hizo ilikuwa dozi tatu. Watafiti waliwauliza akina mama kabla ya kazi kuanza: je, ungekubali binti yako achanjwe? Asilimia 88 walisema ndiyo. Kazi ilipokwisha wakawarudia akina mama wale wale. Waliokuwa wamechanjisha binti zao walikuwa asilimia 31.

Hebu tukae na tarakimu hizo kidogo. Zaidi ya nusu ya akina mama wote waliohojiwa walikubali kwa mdomo na hatimaye binti hakuchanjwa. Sidhani waligeuka maadui wa sayansi ndani ya miezi hiyo michache. Chanjo ilikuwa inatolewa hospitalini. Kumpeleka hospitalini mtoto asiyeumwa, siku ya shule ambayo pia ni siku ya kibarua, kwa nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, halafu urudie mara tatu: hata mama aliyeamini kila neno la daktari angeahirisha hadi wiki ijayo. Na wiki ijayo ina mambo yake.

Mwaka huo huo wa 2013, Mei, Kitui ilianza majaribio yake kwa msaada wa shirika la Gavi, na huko mkondo ulikuwa tofauti. Nesi alibeba chanjo akaifuata shule, akawakuta wasichana wa darasa la nne wameketi kwenye madawati. Hakuna aliyehitaji kuwatafuta. Mtoto wa Kenya wa miaka kumi, kwa zaidi ya miezi minane ya mwaka, anajulikana alipo saa nne asubuhi.

Mbona basi mwaka 2019 taifa likaamua kwamba chanjo itolewe zaidi katika vituo vya afya, na shule zibaki na kazi ya kuhamasisha? Nawaelewa waliopanga. Kwenda shuleni ni gari, ni mafuta, ni posho ya chakula cha mchana kwa nesi na dereva. Tena wakati huo chanjo yenyewe ilikuwa adimu duniani kote, na ndiyo sababu Kenya ilianza na umri wa miaka 10 peke yake badala ya kuwachukua wote wa 9 hadi 14. Kituo tayari kina friji na nesi, kwa hiyo katika karatasi ya bajeti njia hiyo ilionekana nafuu. Gharama haikupungua, ilihamishwa tu. Ilitoka kwenye mfuko wa kaunti ikaingia kwenye mfuko wa mama, naye hakuwa nayo.

Tatizo lenyewe halikuishia kwenye nauli. Tangu ugatuzi wa 2013, afya ni kazi ya kaunti, lakini si afya yote. Chanjo hununuliwa na serikali ya kitaifa. Nesi anayedunga ameajiriwa na kaunti. Mwalimu anayemjua msichana kwa jina ameajiriwa na tume ya walimu, TSC, na mwalimu mkuu hafungui lango la shule kwa mgeni yeyote mwenye sindano bila barua kutoka Wizara ya Elimu. Chifu anayeitisha baraza yuko chini ya wizara nyingine kabisa. Mhamasishaji wa afya ya jamii, yule anayepita nyumba kwa nyumba, posho yake inagawanywa baina ya taifa na kaunti, na upande mmoja ukichelewa yeye ndiye anayelala njaa. Msichana ni mmoja, wakubwa wanaohusika ni watano, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye kazi yake itapimwa kwa swali hili: je, mtoto huyu alichanjwa?

Na huko ni katika shule ya umma. Ukiingia Kaptembwo au Rhonda utakuta watoto wengi wako katika akademia ndogo ndogo za mabati, nyingine zikiwa zimepanga orofa ya chini ya nyumba ya kukodisha. Waraka wa wizara hauzifikii zote, na mwenye akademia anaogopa kukosana na wazazi wanaolipa karo kuliko anavyomwogopa afisa wa elimu. Kule Naivasha, Karagita na Kasarani, mambo ni mengine: mzazi ni mfanyakazi wa shamba la maua, mkataba wake ni wa msimu, leo yuko hapa na muhula ujao binti amehamishiwa kwa nyanya Kakamega. Utaratibu wa dozi mbili kwa miezi sita uliwahitaji watoto wasiohama, na Naivasha imejengwa na watu wanaohama.

Tuifuate chupa ya chanjo yenyewe katika safari yake, kwa sababu watu wengi hudhani chanjo huharibika kwa joto tu. Ghala kuu la taifa liko Kitengela. Kutoka huko mzigo huja kwenye ghala la kanda hapa Nakuru, mojawapo ya tisa nchini, kisha unagawiwa kaunti ndogo, na kutoka kaunti ndogo unachukuliwa na vituo. Njia nzima lazima ukae kati ya nyuzi 2 na 8. Joto huidhoofisha polepole, lakini baridi kali huiua papo hapo: chanjo ya HPV ikiganda imekwisha kazi, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Sasa mfikirie nesi wa zahanati ya Kuresoi Kusini, alfajiri, baridi ya Mau ikiuma, anapakia vichupa ndani ya kisanduku kilichozungukwa na vipande vya barafu vilivyotoka moja kwa moja kwenye friza. Akisahau kuviacha kwanza viteme jasho, anaweza kuwadunga wasichana arobaini maji yasiyo na faida, na hakuna atakayejua mpaka miaka ishirini ipite. Kazi hii ya barafu haionekani katika picha za uzinduzi. Ndiyo kazi yenyewe.

Kuna jambo moja zuri katika safari hiyo ambalo hatukulitumia. BCG, chanjo ya kifua kikuu, hufika katika kichupa cha watoto ishirini, na ndiyo maana mama huambiwa arudi siku fulani watoto watakapokuwa wengi, chupa isimwagwe bure. Chanjo ya HPV tuliyoanza nayo imekuwa ikija katika kichupa cha mtu mmoja. Msichana akitokea peke yake Alhamisi jioni, hakuna sababu ya kumrudisha. Kumrudisha ni mazoea tu, na mazoea ya kliniki ni magumu kuvunja kuliko sera.

Halafu likaja janga. Wasichana waliopata dozi ya kwanza mwishoni mwa 2019 na mapema 2020 walitakiwa kurudi kati ya Aprili na Septemba. Machi 2020 shule zilifungwa, na mzazi aliambiwa kila siku kwenye redio abaki nyumbani. Oktoba 12 shule zikafunguliwa nusunusu, na darasa la kwanza kurudishwa miongoni mwa wadogo lilikuwa gredi ya nne. Gredi ya nne! Darasa lile lile lenye wasichana wa miaka kumi, wameketi kwa nafasi, bila msongamano, shule nzima kimya. Kama kungekuwa na mtu mmoja katika kila kaunti ndogo aliyepewa jukumu la tarehe, hiyo ndiyo ingekuwa tarehe. Kaunti zilikuwa zimezongwa na corona, sitawalaumu kupita kiasi. Desemba manesi na matabibu wakagoma, madaktari wakafuata, na mgomo wa manesi ukaendelea hadi mwaka mpya. Walioitwa wavivu wa dozi ya pili wengi wao walikuwa watoto waliofika wakakuta mlango umefungwa, au ambao hawakuwa na wa kuwakumbusha kwamba kuna mlango.

Dawa ya ugonjwa huu wa dozi ya pili ilipatikana, na ilipatikana kwetu. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na wenzao, akiwemo Dkt. Nelly Mugo, waliwafuatilia vijana wa kike 2,275 wa umri wa miaka 15 hadi 20 huko Thika, Nairobi na Kisumu. Matokeo yalichapishwa Aprili 2022: baada ya miezi 18, dozi moja ilikuwa imekinga dhidi ya aina ya 16 na 18 kwa kiwango cha asilimia 97.5. Kabla mwaka huo haujaisha Shirika la Afya Duniani likazikubalia nchi kutumia dozi moja kwa wasichana. Nigeria ikaanza na dozi moja Oktoba 2023. Tanzania, iliyokuwa imeanza na dozi mbili mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, ikahamia dozi moja Aprili 2024. Kenya, ambako damu ya utafiti ilitolewa, ilingoja hadi 2025. Ninajua mabadiliko ya aina hii yana vikao na kamati na vikao vya kamati. Lakini kwa miaka ile yote tuliendelea kumdai mama wa Salgaa safari ya pili ambayo wanasayansi wetu wenyewe walikuwa wamekwisha kuonyesha hakuhitaji kuifanya.

Dozi moja imebadilisha hesabu nzima ya nani aende kwa nani. Kumfuata msichana shuleni mara mbili ilikuwa ghali kweli. Kumfuata mara moja ni kazi ya siku moja kwa kila shule, kila mwaka, basi. (Wasichana wanaoishi na virusi vya Ukimwi, au wenye kinga dhaifu kwa sababu nyingine, bado wanahitaji zaidi ya dozi moja, na hao tayari wana kliniki inayowajua.) Kwa hiyo kisingizio cha 2019 hakipo tena, na kama Nakuru itaendelea kumsubiri mtoto kwenye zahanati, itakuwa imechagua hivyo kwa hiari.

Majirani walifanya kwa masharti magumu zaidi. Rwanda ilianza mwaka 2011, nchi ya kwanza barani kuchanja taifa zima, tena kwa dozi tatu. Iliteua siku za chanjo, ikawachukua wasichana wa darasa la sita shuleni, na wahudumu wa afya wa vijijini wakawatafuta wale ambao hawakuwa shuleni. Asilimia 93 ya walengwa walimaliza dozi zote tatu. Watu husema Rwanda ni ndogo, watu wake hutii amri. Sawa. Tanzania si ndogo, na Aprili 2024 ililenga wasichana wapatao milioni 4.8 wa miaka 9 hadi 14 katika kampeni ya siku chache, shule zikiwa ndio uwanja mkuu. Kilichofanana katika nchi hizo mbili ni siku iliyojulikana na kila mtu. Mwalimu aliijua, imamu aliijua, dereva wa gari la chanjo aliijua.

Sasa kuhusu uvumi, kwa kuwa nilisema nitafika. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki walidai kwamba chanjo ya pepopunda iliyotolewa kwa wanawake ilikuwa na kichocheo cha kuharibu uzazi. Serikali na Shirika la Afya Duniani wakakanusha. Mabishano yale hayakwisha vizuri, yalififia tu, na yalipofufuka 2019 chama cha madaktari Wakatoliki kilijitokeza hadharani kuipinga chanjo ya HPV. Hoja iliyoenea zaidi makanisani ilikuwa kwamba msichana mwenye maadili haihitaji. Ninaiheshimu nia ya anayetaka binti yake ajitunze. Lakini binti anaweza kujitunza hadi siku ya harusi na kuambukizwa na mumewe wa ndoa, na virusi havitaomba cheti cha ubatizo. Kwa habari ya uzazi, Australia ilianza kuchanja mwaka 2007 na wasichana wa kwanza sasa ni akina mama. Uskoti nayo ilianza 2008, na mwezi Januari 2024 watafiti wake walitangaza kwamba kati ya wanawake waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13 hawajampata hata mmoja mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Hata mmoja.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba tarakimu za Uskoti zitamtuliza mzazi wa Elburgon. Uvumi hula penye ukimya. Mtoto anayerudi jioni na kusema "leo tumedungwa sindano", bila mzazi kuwa na habari, amewasha moto ambao daktari hataweza kuuzima kwa wiki nzima, na mzazi ana haki ya kukasirika. Habari lazima itangulie sindano, tena kwa mdomo wa mtu anayejulikana: mwenyekiti wa wazazi katika kikao cha shule, mhamasishaji wa kijiji, ustadhi wa madrasa, na kama paroko yuko tayari, paroko. Kuna makanisa ya Wakorino hapa Nakuru, hasa yale ya msimamo mkali, ambayo tangu zamani yanaepuka hospitali. Hao hawataguswa na tangazo la redio. Watahitaji mtu wa kwao, aketi nao, na pengine wengine watakataa mpaka mwisho. Ni wachache. Nguvu tunayoitumia kuwagombeza ingetosha kuwafikia maelfu ambao wangekubali leo wakiombwa.

Ninachopendekeza kwa serikali ya kaunti hakihitaji sheria mpya. Iteuliwe wiki moja ya Februari. Muhula wa kwanza unakuwa umetulia, orodha za wanafunzi zimekamilika, mvua za masika hazijaanza na barabara za Kuresoi bado zinapitika. Wiki hiyo iwe ile ile kila mwaka, iandikwe kwenye kalenda ya shule kama inavyoandikwa siku ya mitihani. Katika kila kaunti ndogo, zote kumi na moja, awepo afisa mmoja mwenye jina na namba ya simu ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba barua ya elimu, gari la afya na kisanduku cha baridi vinafika lango moja asubuhi moja. Asiwe kamati. Tumeshaziona kamati.

Orodha tunazo mbili, na kichekesho ni kwamba hazijawahi kukutana. Shule zimewaandikisha wanafunzi katika mfumo wa taifa pamoja na vyeti vyao vya kuzaliwa, kwa hiyo mwalimu anajua nani ametimiza miaka 10. Wahamasishaji wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 nchini, walipewa mikoba na simu Septemba 2023, na kila mmoja anasimamia kama nyumba mia moja, kwa hiyo anajua nyumba gani ina msichana ambaye haendi shule. Yule wa Solai anayelea wadogo zake, yule wa mpakani na Baringo anayefuata mifugo, yule wa Karagita aliyefika juzi. Wekeni orodha hizo juu ya meza moja Januari. Atakayeonekana kwenye orodha ya nyumba na asionekane kwenye ya shule, huyo ndiye wa kufuatwa nyumbani, naye ndiye mwenye hatari kubwa kuliko wote, kwa kuwa msichana aliyeacha shule huolewa mapema.

Wizara nayo iwafahamishe wazazi kwamba lango halifungwi siku msichana anapotimiza miaka 11. Hadi miaka 14 bado anapokelewa. Waliokoswa kwa sababu ya corona na migomo wengi wao wamekwisha kuvuka umri huo, na hakuna aliyewaomba radhi. Kuhusu wavulana, ambao pia hubeba virusi hivi na katika nchi tajiri huchanjwa, nasema tungojee. Dozi iliyopo imfikie kwanza msichana wa Keringet.

Suala la fedha halikwepeki. Kwa miaka mingi Gavi imepata chanjo hii kwa bei ya dola 4 na nusu hivi kwa dozi, na Kenya imekuwa ikichangia sehemu tu. Msaada huo unaelekea ukingoni, na miaka michache ijayo bili yote itakuwa yetu. Mwaka 2025 tuliona BCG na polio zikiadimika vituoni, akina mama wakirudishwa na watoto wachanga mgongoni. Kama chanjo ya mtoto mchanga, ambayo hakuna anayebishana nayo, inaweza kukosekana hivyo, ya msichana wa miaka kumi itakuwa ya kwanza kukatwa pesa zikipungua. Wawakilishi wa wadi wa Nakuru wanaopitisha bajeti kila Juni wanaweza kuanza na kilicho chao: mafuta ya wiki moja ya Februari, kwa jina lake, katika mstari wake.

Na wakishalipia gari hilo, lisirudi mjini nusu tupu. Chanjo haimsaidii mama wa msichana. Kwake yeye kinga ni kupimwa. Wanawake wa miaka 25 hadi 49 wanashauriwa wapimwe, na kipimo cha siki hakihitaji maabara: nesi aliyefunzwa hupaka siki, hutazama, na mama huondoka na majibu siku hiyo hiyo. Kwa miaka mingi waliochelewa walilazimika kusafiri hadi Kenyatta, Nairobi, hospitali pekee ya umma iliyokuwa na mionzi. Sasa Nakuru ina kituo chake cha saratani katika hospitali kuu ya kaunti, na bado wengi wanafika ugonjwa ukiwa umekomaa. Barua ile ya kumjulisha mzazi kuhusu chanjo ya binti ibebe mstari mmoja zaidi: mama, siku hiyo hiyo njoo shuleni, kutakuwa na nesi wa pili na chumba chenye pazia, darasa la chekechea likishatoka saa sita.